Delbert Hupiga Simu Wakifungwa

Kaka yangu Delbert alifariki mwezi wa Agosti, na ilipofika Januari alikuwa bado anamtukana kocha redioni.

Sifanyi mzaha. Sauti ilikuwa yake, ile ya puani inayokokota maneno. "Skip," alianza siku zote, "mimi si mtaalamu, lakini nina macho." Baada ya hapo kocha yeyote aliyekuwepo alipewa vidonge vyake. Kwa miaka mingi kaka yangu alipiga simu kwenye kipindi cha redio kinachofuata mchezo wa mpira wa kikapu wa Chuo cha Wexley, na mji mzima wa Maddox ulimngoja kama unavyongoja taarifa ya hali ya hewa. Ila kulikuwa na jambo moja. Hakupiga hata siku moja ambayo timu ilishinda. Korongo, ndilo jina la timu yetu, wakishinda, Delbert alisema hakuna cha kurekebisha, akavua buti, akalala. Alipiga simu wakifungwa tu.

Sasa yule mtangazaji, Skip Rademaker, mtu ambaye angemuuza shangazi yake ili apate wasikilizaji watatu zaidi, kumbe alikuwa amezihifadhi simu zote. Mwezi wa Novemba Korongo walipigwa hapahapa nyumbani na chuo ambacho hata jina lake tulilazimika kuuliza. Skip akasema, "Jioni kama hii, ndugu wasikilizaji, nyote mnajua ni nani angekuwa kwenye laini." Akabonyeza kitufe chake. Na Delbert akatoka redioni, mzima kabisa, amekasirika.

Nilikuwa kwenye pikapu. Nilisimama kando ya shamba la Overmyer na sikumbuki nilikaa pale muda gani, ila kioo cha mbele kilikuwa kimefunikwa na theluji nilipowasha tena gari. Mimi nilimzika yule mtu. Nililibeba jeneza upande wa kichwa. Sasa alikuwa ananiambia kwamba vijana hawajui kumkinga mpinzani chini ya kikapu, na, Mungu anisamehe, nilikuwa nakubaliana naye kwa kila neno.

Watu walipenda. Simu zilimiminika pale redioni, wazee wengine wakilia, na Skip akaona Mungu kamshushia riziki. Ikawa ndiyo desturi: Korongo wakifungwa, Delbert anaongea. Na msimu ule Korongo walifungwa utadhani ndiyo kazi waliyoajiriwa.

Lakini habari hii si ya Delbert. Delbert kashasema vya kutosha. Ni ya Ardith, mke wake, shemeji yangu.

Ardith alizaliwa kwenye shamba la kuku njia ya kwenda mtoni, na akapika kwenye shule ya msingi ya hapa mpaka magoti yalipomkatalia. Hakuna mtu wa chini ya miaka hamsini katika wilaya hii ambaye hajala tambi zake na kuku. Ni mwanamke mfupi, mpole, mwenye kuvaa beji ya korongo kwenye koti la kanisani, na kila mchezo wa nyumbani alikuwa kwenye kiti chake, nyuma kidogo ya benchi letu, Delbert kulia kwake. Hakupiga kelele. Alikuwa akishika mkoba kwa mikono miwili na kutazama mpira. Watu walimwona kama mfano: mtazameni Mama Hostetter, timu inapigwa alama thelathini na yeye hajaondoka. Mchungaji alimtaja mara moja katika mahubiri ya uvumilivu.

Delbert nyumbani alikuwa bubu. Nasema hivyo kwa upendo, ndivyo tulivyolelewa. Siku ya kawaida alitoa sentensi mbili, na moja ilihusu mvua. Kamera ikitolewa kwenye sikukuu, alikumbuka jambo la kufanya ghalani. Simu ya mkononi hakuitaka, alitumia ile ya ukutani jikoni hadi mwisho. Kwa hiyo alipokufa hakuacha sauti yake mahali popote duniani isipokuwa kwenye kompyuta ya Skip Rademaker. Ardith hakuwa na kingine cha kumsikia.

Mimi ndiye niliyerithi kiti cha Delbert ukumbini na kazi ya kumpeleka na kumrudisha Ardith kwa gari. Timu ikifungwa, alikuwa anawasha redio ya pikapu kabla sijaingiza ufunguo vizuri, kisha anakaa kimya, mkoba mapajani. Sauti ilipotoka hakulia. Alikuwa ananieleza.

"Hiyo ni ya mwaka wa mafuriko," angesema. Au, "Hapo alikuwa na mafua, unasikia pua?" Au, "Nilikuwa nakaanga samaki. Ukisikiliza utasikia mafuta."

Nilisikiliza, na kweli nyuma ya hasira za kaka yangu nilisikia mafuta yakichemka.

Na zile mara chache Korongo waliposhinda, Ardith alisema, "Vijana wamejitahidi," akageukia dirisha njia nzima. Nilidhani amechoka. Binti zangu husema mimi ni mzito wa kuelewa, na sijawahi kushinda ubishi huo.

Asubuhi wanaume tunakula kwa Dot, karibu na maghala ya nafaka. Hapo ndipo timu ya Wexley inapofundishwa kwa kweli. Gene Overmyer anauza mbegu, Lowell Stutz alikuwa refa wa shule za sekondari, na wote wawili wangechukua ubingwa kila mwaka kama dunia ingekuwa na haki.

"Huyu kocha, Vandergriff," Gene alianza asubuhi moja ya mwezi wa Januari, huku akimwaga mchuzi mweupe juu ya mkate wake, "haombi mapumziko. Wapinzani wanafunga vikapu vitano mfululizo, yeye kakunja mikono. Anayatunza ya nini yale mapumziko? Anataka kuyarithisha watoto?"

"Tatizo ni kikosi, bwana," Lowell akasema. "Kikosi gani hiki? Mlinzi wetu mzuri kahamia chuo kikubwa, kapewa hela na gari. Tumebaki na waliokataliwa na vyuo vinne. Hata majina yao sijayashika, na nikiyashika watakuwa wameshahama."

"Na kikosi nani kakiunda? Si huyohuyo? Anazungusha watu kumi! Mtu akianza kupata joto, benchi! Hii ni timu au foleni ya benki?"

"Halafu Koontz," nikasema mimi.

Meza ikanyamaza kwa heshima ya msiba. Brantley Koontz alikuwa mtoto wa hapahapa, mrefu kama mlango wa ghala, na mikono iliyopakwa siagi.

"Koontz ni kijana mzuri," Dot alisema kutoka kaunta. "Anamsaidia mama yake. Anasema asante."

"Dot, hata ng'ombe wangu ana tabia nzuri, lakini simpangi kwenye watano wa kwanza," Lowell akamjibu.

"Delbert kashasema," Gene akadakia, akashusha sauti. "Mlimsikia juzi? 'Yule mrefu mtoeni, anauogopa mpira.' Kamsema Koontz waziwazi."

"Gene," nikamwambia, "Delbert alikufa kabla Koontz hajavaa hata jezi ya Wexley."

"Ndiyo maana inatisha."

Nilimwambia kwamba yule mrefu alikuwa kijana mmoja aitwaye Ruddick, wa zamani, ambaye siku hizi ni daktari wa meno na ndiye aliyemng'oa Gene jino. Gene alinitazama kama mtu aliyetukaniwa dini. Alisema marehemu huona mbali. Lowell, mtu mwenye akili zake, akatikisa kichwa kukubali. Nikanywa kahawa yangu. Hata mimi usiku uliopita nilikuwa nimemjibu Delbert kwa sauti, peke yangu garini.

Mambo yakakua. Wanafunzi wa chuo, ambao hawakuwahi kumwona kaka yangu, walitafuta picha yake, wakapata moja tu ya gazetini, wakaona anavyovaa kofia ya kijani ya kampuni ya mbegu, na Gene akawauzia kofia hizo kwa maboksi. Mchezo mmoja wa Februari niliingia ukumbini nikakuta safu nne nzima za kofia za Delbert. Vichwa vilivyoinamia simu, chini ya ile kofia, kwa pembe ile aliyoipenda. Ardith alisimama kwenye ngazi, akanishika mkono wa koti.

"Merle," alisema, "wako wengi."

"Ni watoto tu, shemeji. Kaa."

Walikuwa na bango: DELBERT AMESEMA. Kila kocha alipokosea, na hata asipokosea, waliimba jina la kaka yangu, taratibu, wakipiga miguu kwenye mbao. Mimi nilitaka Vandergriff afukuzwe tangu mwaka wake wa pili, sifichi. Lakini kusikia jina la mtu uliyemfukia likiimbwa na mamia ya watoto wanaocheka, hilo sikulipenda.

Wiki chache kabla ya mchezo wa mwisho wa nyumbani, habari zilienea kwamba wakubwa wa chuo wameshachoka. Mchana mmoja nilikuwa kwa Ardith, nimelala chini ya tangi lake la maji ya moto na tochi mdomoni, mlango ukagongwa. Nikasikia sauti ya mwanamume kijana ikiomba radhi mara tatu kabla hata ya kuvuka kizingiti. Nilipotoka chini ya tangi, Kyle Vandergriff alikuwa amekaa mezani jikoni, hana koti, na nje kulikuwa na baridi ya kupasua mabomba. Ardith alikuwa ameshamwekea kipande cha pai ya maziwa. Hakuigusa.

"Mama, samahani sana kukuingilia," alisema. "Na pole. Nilipaswa kuja kukupa pole tangu Agosti."

"Ulileta maua," Ardith akasema. "Yalikuwa mazuri."

"Yalikuwa ya chuo. Mimi sikuja." Alisugua uso. Kwa karibu alikuwa mdogo kuliko nilivyodhani, na macho ya mtu asiyelala. "Mama, mimi kusemwa sijambo. Nikipita dukani wananisema. Kanisani wananisema. Walio hai wakinifukuza, sawa, hiyo ndiyo kazi, nilijua nilipoichukua. Lakini binti yangu ana miaka sita. Juzi kaniuliza, 'Baba, yule babu aliyekufa anatuchukia kwa nini?' Nimekosa jibu. Sasa haendi chooni peke yake usiku."

Tangi lilikuwa linadondosha maji kwenye ndoo.

"Nimemwomba Skip aache," akaendelea. "Kasema ataacha kwa neno lako tu, Mama. Si langu, si la chuo. Lako."

"Labda ungekuwa unaomba mapumziko mara mojamoja," nikasema, "usingefika hapa."

"Merle," Ardith alisema, nikanyamaza. Akamgeukia yule kijana. "Ile ya Jumamosi, aliposema kocha amelala na wamtafutie mto. Unajua alikuwa anamsema nani?"

"Si mimi?"

"Yule ambaye sanamu yake iko nje ya ukumbi. Mwaka ule ule waliokaribia kuchukua ubingwa."

Vandergriff akacheka, kicheko kikakatika katikati. "Kwa hiyo hakuna kocha hata mmoja aliyewahi kumridhisha?"

"Hakuna," Ardith akasema. "Angeridhika, asingepiga simu." Alisema hivyo polepole, akageuza kikombe chake kwenye kisahani. "Nitafikiri, mwanangu. Zaidi ya hapo sikuahidi kitu."

Alimfungia pai kwenye karatasi, naye kijana akaondoka nayo. Tulimtazama dirishani akipangusa theluji kwenye gari kwa mkono mtupu. Ardith alienda akasimama mbele ya ile simu ya ukutani. Hakuinyanyua. Aliweka kiganja juu yake tu.

"Merle, ukiambiwa umzike Delbert mara ya pili, utaweza?"

"Hapana," nikasema, na nilimaanisha.

"Basi."

Nikadhani amekataa. Nikarudi chini ya tangi.

Mchezo wa mwisho wa nyumbani ulikuwa dhidi ya Tolliver, wapinzani wetu wa jadi, watu wa ng'ambo ya mto ambao hata babu yetu hakutaka kununua farasi kwao. Kila mtu alijua hesabu: Vandergriff akishinda huu, huenda akapewa mwaka mwingine. Akishindwa, kwisha. Ukumbi ulijaa mpaka watu walisimama milangoni. Kofia za kijani zilikuwa zimeongezeka hata sikutaka kuzitazama, nikawa naangalia sakafu ya mbao tu.

Lazima niseme ukweli: vijana walicheza. Waliwakinga wapinzani chini ya kikapu, walikimbia kurudi, na yule kocha aliomba mapumziko mawili mfululizo kipindi cha pili, mpaka Lowell aliyekaa mbele yetu akageuka akasema, "Jamani, kafufuka." Nilijikuta nimesimama, sauti imenikauka. Niliwataka washinde. Pamoja na hasira zangu zote juu ya kocha, jezi ni jezi. Ardith alikaa kama kawaida, mkoba mapajani.

Zikabaki sekunde chache, tuko nyuma kwa alama moja. Mpira ukapotea mikononi, ukarudi, ukamwangukia Koontz chini ya kikapu, na mtu wa Tolliver akampiga mkononi. Filimbi. Mitupo miwili ya adhabu. Akipata mmoja, tuko sare. Akipata yote, tumeshinda.

Mtu wetu akisimama pale, ukumbi wetu hunyamaza kabisa. Ndivyo tulivyofundishwa tangu tukibebwa. Mtoto akilia, mama yake humtoa nje. Basi kukawa kimya, watu maelfu, na Koontz akidundisha mpira, paa, paa, paa. Na katika kimya kile nikasikia mtu karibu yangu akinong'ona.

"Kosa, mwanangu. Kosa."

Nilidhani nimesikia vibaya. Mpira ukagonga chuma ukatoka. Ukumbi mzima ukaguna, na mimi nikageuka. Midomo ya Ardith ilikuwa inacheza. Macho yalikuwa kwa Koontz, mapole kabisa, kama anamwombea mtoto mgonjwa apone.

"Kosa," alinong'ona tena. "Kosa, mpenzi, kosa tu."

Niwaeleze vipi? Mwanamke huyu angeiba sadaka mbele yangu, ningeshtuka kidogo zaidi ya hapo, si sana. Mtupo wa pili haukugusa hata chuma.

Kengele ikalia. Watu wa Tolliver wakarukiana. Koontz alikuwa ameketi sakafuni amejifunika uso kwa jezi, na Vandergriff alipita katikati ya wote, akapiga goti, akamkumbatia kichwa. Juu yao kofia za kijani zikaanza, polepole kwanza, halafu kwa miguu: "Del-bert. Del-bert. Del-bert." Wanamwita. Walijua atakuja, maana tulikuwa tumefungwa, na tukifungwa huja.

Garini sikuwasha kwanza. Ardith hakunyoosha mkono kwenye redio. Hilo lilinishangaza, basi nikaiwasha mimi. Matangazo ya matrekta yakapita, kisha Skip, sauti amelegeza kama yuko msibani.

"Ndugu wasikilizaji, najua mnachongoja. Leo Delbert hataongea. Wala kesho. Familia imeomba apumzike, na nimewapa neno langu."

Nikazima.

"Umemwambia lini?"

"Leo asubuhi."

"Kwa ajili ya yule kijana."

"Kwa ajili ya mtoto wake. Mtoto aende chooni."

Tulipita maghala, tukapita kwa Dot. Nilikuwa nimebana usukani mpaka vidole viliniuma.

"Shemeji, nimekusikia kule ndani. Wakati wa Koontz."

"Najua umenisikia."

"Umemnyamazisha Delbert asubuhi, halafu jioni unaomba tufungwe. Sasa ulikuwa unaomba nini?"

"Endesha, Merle. Barabara ina barafu."

Nilimfikisha, nikaingia naye ndani kwa sababu sikuona jinsi ya kumwacha. Aliwasha taa ya jikoni. Alivua koti, akatoa ile beji ya korongo, akaiweka kwenye kisahani. Nilivuta kiti nikakaa. Vyombo vya mchana vilikuwa vinangoja kwenye beseni, na aliongea akiwa anavitazama hivyo, si mimi.

"Nyie mlikuwa mnamsikia akiongea na Skip, mnadhani ndiyo mwisho," alisema. "Akiweka simu chini, moto ulikuwa bado uko mdomoni. Hawezi kulala. Anavuta kiti, anaanza kunieleza mimi. Timu kwanza. Halafu mambo mengine. Mama yenu. Yule kaka yenu aliyekufa mdogo, ambaye hamumtaji. Alivyoogopa siku aliyokuja kuniposa, akazunguka nyumba yetu mara mbili na gari akarudi kwao. Kila kitu, Merle, kila kitu nilichowahi kukijua juu ya mume wangu, alinieleza siku waliyofungwa. Wakishinda, alivua buti akalala. Nyie mkipiga honi barabara nzima, mimi nilikuwa hapa naosha vyombo, mwenzangu ukuta."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka wa kwanza wa ndoa. Wakisimama kutupa ile mitupo, nanong'ona. Miaka yote. Delbert alikuwa kiziwi wa sikio la upande wangu, hakujua."

Nikawa namwona kila msimu, kila ubingwa tulioukosa, akiwa ameketi pale na beji yake.

"Leo nimemzima redioni kwa neno langu mwenyewe," akasema. "Nikajiambia, huenda wakifungwa atakuja mwenyewe. Bila Skip. Sasa unaona, wamefungwa." Alitazama mlango wa nyuma, ule wa kutokea ghalani, kwa muda mrefu hata nami nikageuka kuutazama. Kitasa hakikucheza. Nilishikwa na woga wa kitoto, katika nyumba niliyoifahamu kuliko yangu, na niliona kwamba yeye hakuogopa hata kidogo. Alikuwa amevunjika moyo tu.

"Merle," alisema. "Umeuonaje mchezo?"

"Nini?"

"Mchezo. Sema."

"Shemeji, mimi si Delbert. Hata sauti hatufanani. Yangu nyembamba."

"Sauti nimeshaiachia. Sema tu, mimi nitaosha vyombo." Alinipa mgongo, akafungua bomba, akaanza kusugua sufuria.

Basi nikaanza. Kwanza kwa aibu, kama mtu anayeomba dua kwa wageni. Nikasema vijana wamejitahidi chini ya kikapu ila pasi zao ni za kizembe. Nikasema mlinzi anadundisha mpira mno, angeupeleka mapema. Nikasema kikosi cha watu kumi si kikosi. Nilipata joto. Nikasema Koontz ni mtoto mzuri lakini huwezi kumweka mwoga pale mambo yanapokuwa ya kufa na kupona, na nilipolisema nikatambua kwamba si mimi. Nilitafuta kichwani mwangu neno moja juu ya mpira wa kikapu ambalo lilikuwa langu mwenyewe. Sikulipata. Yote nilikuwa nimeyatoa kwake, tangu utotoni, na sasa yalikuwa yanatoka kwa mpangilio wake, kwenye kiti chake, kwa mke wake. Baridi ilinipanda kutoka miguuni. Lakini mgongo wa Ardith ulikuwa umelegea. Kichwa kilikuwa kimeinama upande, kama cha msichana anayesikiliza.

"Na kocha?" aliuliza, bila kugeuka.

Nikamkumbuka yule kijana bila koti, akipangusa theluji kwa mkono. Nikamkumbuka amepiga goti kwa Koontz.

"Wampe mwaka mmoja zaidi," nikasema. "Leo kafundisha vizuri."

Mikono yake ikasimama ndani ya maji.

"Hapana, Merle," alisema kwa upole. "Usiniharibie. Yeye asingesema hivyo."

Alikuwa anangoja.

"Afukuzwe," nikasema. "Afukuzwe Jumatatu asubuhi, kabla hajavua kofia."

Ardith akafunga bomba la maji ili asikie vizuri.